Panda ya Bunduki: Tafakuri ya Mwana wa Ijara Kuhusu Istilahi Moja

Katika muhula wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili, mhadhiri wetu wa somo la uundaji wa istilahi alitupa zoezi lililoonekana jepesi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta darasani kitu kimoja anachokifahamu kutoka kwao, ambacho kwa maoni yake Kiswahili hakijakipa jina lililokubalika, kisha apendekeze jina na kulitetea mbele ya wenzake. Mwenzangu mmoja wa Lamu alileta kifaa cha seremala wa majahazi. Mwingine wa Kakamega alileta kifaa cha jikoni. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba kitu changu ni ile miguu miwili ambayo hufungwa mbele ya bunduki ya kijeshi ili itulie, na ambayo huweza kufunguliwa na kuwekwa kando.

Darasa liliangua kicheko. Mmoja alisema kwamba mtu wa Garissa hata akipewa zoezi la sarufi atarudi na bunduki. Sikumlaumu, kwani mkoa wetu wa zamani wa Kaskazini Mashariki umesimuliwa kwa sauti ya risasi kwa miaka mingi. Hata hivyo, kitu kile sikukichagua kwa ajili ya kujigamba wala kwa ajili ya kuutukuza mtutu. Nilikichagua kwa sababu ya usiku mmoja wa mwaka 2011, na ndio ninaotaka kuueleza hapa, maadamu darasani sikupata muda wa kuueleza.

Nyumbani kwetu ni Ijara, upande wa Masalani, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Tana. Ng'ambo ya mto kuna mashamba ya Wapokomo. Upande wetu kuna mbuga na vichaka ambamo sisi Wasomali hulisha ng'ombe wetu. Kusini mashariki unaanza msitu wa Boni. Katika mbuga hizo ndimo anamoishi hirola, swala adimu ambaye waliosalia mwituni ni chini ya 500. Mtu akiuliza ni lugha gani huwaunganisha Mpokomo, Msomali, Mboni na Mbajuni wanapokutana sokoni au kivukoni, jibu ni Kiswahili. Hiki si Kiswahili cha vitabuni, bali cha kununua ndizi, kuuza maziwa na kuulizia mnyama aliyepotea.

Baba yangu alikuwa polisi wa akiba. Wasomaji wa mijini huenda wasilijue vyema kundi hili. Ni raia waliokabidhiwa bunduki na serikali ili walinde vijiji na mifugo mahali ambapo kituo cha polisi kiko mbali, nao kwa kawaida walifanya kazi hiyo bila mshahara. Baba alikabidhiwa bunduki aina ya G3, silaha ambayo jeshi la Ujerumani Magharibi liliipokea mwaka 1959, na ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi. Ni bunduki ndefu yenye uzito wa zaidi ya kilo 4, na kasha lake la kawaida hubeba risasi 20. Mtu aliyeshinda njaa, akatembea nyuma ya ng'ombe tangu alfajiri, hawezi kuinyanyua jioni bila mkono kutetemeka.

Siku moja askari mmoja mkufunzi alikuja kuwafunza polisi wa akiba wa upande wetu. Sisi watoto tulitazama kwa mbali, chini ya mgunga. Baada ya kueleza mengi alitoa mfukoni kifaa cha chuma chenye miguu miwili, akakifunga mbele ya bunduki yake, akalala kifudifudi nyuma yake. Bunduki ikasimama yenyewe mbele kama mbuzi aliyekita miguu. Kisha akakifungua kile kifaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Baba alirudi nyumbani akiwa na habari hiyo moja tu. Alitaka sana kupata kitu kile, lakini bunduki aliyokabidhiwa haikuja nacho, wala hapakuwa na mahali pa kukiombea.

Maana ya kifaa hicho ni rahisi kuielewa. Mwili wa binadamu hautulii hata ukiamriwa utulie: moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, misuli inachoka. Kila mtikisiko hufika kwenye kasiba. Iwapo kasiba itahama kwa nyuzi 1 tu, basi kwenye umbali wa mita 100 itakuwa imeelekea pembeni kwa karibu mita 1.75, yaani zaidi ya kimo cha watu wengi. Miguu ile huuchukua uzito wa bunduki na kuukabidhi kwa ardhi, mikono ikabaki na kazi ya kuongoza tu. Lakini kwa nini basi isifungwe moja kwa moja? Kwa sababu kinachomfaa aliyelala humwelemea anayetembea. Miguu ile huongeza uzito, hunasa kwenye miiba na majani, na hugongagonga usiku. Ndiyo maana mafundi walipendelea kuifanya iwe ya kufunga na kufungua. Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, iliwagawia wanajeshi wake waliobeba M16 miguu ya kubana kwenye kasiba, mfano wa vibanio vya nguo.

Jambo lenyewe ni la kale kuliko chuma cha G3. Katika karne ya 16 na ya 17 askari wa Ulaya walibeba bunduki nzito pamoja na fimbo yenye panda. Waliikita fimbo ardhini wakaiegemeza bunduki juu yake. Huko Tibet, bunduki za mrao zilifungwa miguu miwili ya kukunjwa karibu na mdomo wa kasiba, na aghalabu ncha za miguu hiyo zilikuwa pembe za swala. Hata kwetu, mwanzoni mwa mwaka 1941, majeshi ya Uingereza, yakiwamo ya Keya, yalipovuka kutoka upande wa Garissa kwenda kuwakabili Waitalia na kuiteka Kismayu mwezi wa Februari, bombomu zao za Bren zilikuwa na miguu miwili ya kukunja.

Baba hakuyajua hayo ya Ulaya wala ya Tibet. Alichokuwa nacho ni fimbo ambayo Kisomali huiita hangool. Ncha yake moja ina kulabu ya kuvutia matawi ya miiba, na ncha ya pili ina panda ya kuyasukumia pale tunapojenga ua wa zizi. Hakuna mchungaji kwetu asiyeijua. Siku chache baada ya mkufunzi kuondoka, nilimwona Baba nyuma ya nyumba amepiga goti, amekita hangool mchangani, na G3 imelala ndani ya panda. Aliniona nikichungulia, akacheka. "Serikali imenipa bunduki," alisema, "miguu yake nimejipa mwenyewe."

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa ukame mkali katika Pembe ya Afrika. Lambo letu lilikauka likawa matope, kisha likawa vumbi lenye nyufa. Wanyama walikufa, na waliobaki waligombaniwa. Kila usiku ziliingia habari za zizi lililovunjwa mahali fulani, nyingine za kweli na nyingine za uongo, lakini zote zilitunyima usingizi kwa kiasi kilekile. Nilikuwa na umri wa miaka 13. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na Baba nikiwa na tochi, na kutoiwasha mpaka aniambie.

Usiku huo mbwa walibweka, kisha wakanyamaza. Kulikuwa na mbalamwezi hafifu. Tuliona umbo la mtu limeinama kando ya ua wa ndama, likiingiza mkono kati ya miiba. Baba alipiga goti, akakita hangool, akaiweka bunduki ndani ya panda. Nilisikia pumzi yake ikienda mbio, kisha ikipungua. Nilisubiri mlipuko. Haukuja. Alitazama kwa muda ambao mimi niliuona kama usiku mzima, ingawa sidhani ulizidi muda wa kuhesabu hadi 20.

Kisha akaita kwa Kiswahili: "Nani wewe?"

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtoto. "Ni mimi, baba. Naomba maji."

Niliwasha tochi. Alikuwa kijana wa Kipokomo, rika langu, mwenye kidumu kitupu. Mkono wake ulikuwa umeelekea kwenye karai la maji ya ndama, si kwa ndama. Alikuwa amevuka kuwatafuta mbuzi wao, akapotea, akatembea kutwa. Mama alimpa maji kidogo kidogo, kisha maziwa. Asubuhi Baba alimsindikiza hadi mtoni.

Nilipomuuliza Baba kwa nini hakupiga risasi, hakunipa hotuba. Alisema: "Mkono unaotetemeka hutaka kazi iishe upesi. Bunduki ilipotulia, na mimi nilitulia. Nikaona kidumu."

Nimeyazungusha maneno hayo akilini kwa miaka. Kifaa kilichobuniwa ili risasi isiikose shabaha ndicho kilichompa mtu nafasi ya kuona kwamba shabaha haikuwa shabaha. Sitaki nidanganye kwamba hii ndiyo kazi yake ya kawaida. Chuma hakina huruma, na utulivu uleule ungeweza kumwua mtoto yule bila kumkosa. Aliyechagua ni Baba. Lakini alichagua kwa sababu alipata muda, na muda huo aliupata katika panda ya fimbo. Mwaka uliofuata, kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Kila nikikumbuka miezi ile hujiuliza maiti ya mtoto mmoja wa Kipokomo kando ya zizi la Msomali ingezaa nini upande wetu wa mto.

Sasa nirudi kwenye istilahi. Kiswahili si maskini wa maneno ya silaha. Tuna bunduki na risasi zenye asili ya Kiarabu. Tuna gobori, mrao, kasiba, kitako, mtutu na rashasha. Kile kisu kinachochomekwa mbele ya bunduki kina jina lake, singe, ambalo tulilipokea kutoka Kihindi. Hebu tulitafakari hili. Vitu viwili hufungwa mbele ya bunduki na kufunguliwa: kimoja cha kuchomea, kingine cha kutuliza. Cha kuchomea tumekipa jina na kamusi zikaliandika. Cha kutuliza tumekiacha bila jina.

Darasani nilipendekeza mawili. La kwanza ni panda, neno letu wenyewe, linalotaja mahali tawi au njia inapogawanyika mara mbili. La pili ni hanguli, yaani hangool iliyovishwa umbo la Kiswahili. Mhadhiri alitukumbusha utaratibu tuliofunzwa: kwanza tutafute ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa utaratibu huo panda hushinda. Mwenzangu wa Lamu alipinga akisema panda tayari imebeba mengi: njia panda, panda ya mti, panda ya kurushia mawe. Alipendekeza kiegemeo. Nilimjibu kwamba kiegemeo chaweza kuwa mto wa kitanda, na kwamba neno kubeba maana nyingi si dosari iwapo muktadha unazitenga. Anayesikia "panda ya bunduki" hatafikiri juu ya barabara.

Jioni nilimpigia Baba simu nikamweleza ubishi wetu. Bunduki alikwisha kuirudisha serikalini zamani, na sasa hushughulika na ng'ombe wachache na wajukuu wengi. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Mnalipwa kwa kazi hiyo?" Nilipomwambia hatulipwi, alisema basi sisi pia ni polisi wa akiba. Kuhusu jina, aliona panda inatosha. Hangool, alisema, niwaachie wachungaji, maana kazi yake hasa ni kujenga ua wala si kubeba bunduki, na yeye aliitumia vile kwa shida tu.

Naafikiana naye. Napendekeza kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu neno panda, katika ngeli ya I/ZI, kwa maana ya kitegemezo cha miguu miwili kinachofungwa mbele ya bunduki ili kuituliza, na ambacho huweza kuondolewa. Kama kuna mwenye neno bora na alilete, nami nitalipokea. Ninachoomba ni kwamba tusilichague kwa pupa.

Yule kijana wa kidumu leo ni mwendesha bodaboda. Likizo iliyopita alinibeba, akakataa nauli, akauliza habari za mzee. Hajui kwamba bunduki ilimwelekea usiku ule; Baba hakumwambia, wala mimi sikumwambia. Nilipofika nyumbani nilikuta hangool imesimamishwa penye mlango wa zizi, panda yake imepasuka kidogo kwa kusukuma miiba.