Risasi Ina Utamu Wake

Sahii kila mtu mtandaoni ni mtaalamu wa mvinyo. Anazungusha glasi, ananusa, anafunga macho, halafu anatuambia huu uko safi. Sina shida na kuzungusha glasi. Shida yangu ni hilo neno safi, kwa sababu kuna vitu ndani ya chupa ambavyo ulimi hauwezi kushika, na kimoja kinaudanganya kabisa.

Naongelea risasi. Si ile ya bunduki, ni ile metali nzito ya kwenye betri za gari. Ikikutana na asidi ya siki inageuka kuwa kitu kitamu. Warumi walikuwa wanachemsha juisi ya zabibu kwenye masufuria ya risasi hadi iwe nzito, kisha wanaitia kwenye mvinyo. Karne nyingi baadaye mchezo ulikuwa bado unaendelea. Miaka ya 1690 kule Ulm, Ujerumani, daktari wa mji aliyeitwa Eberhard Gockel aliona watawa wakijikunja kwa maumivu ya tumbo, ilhali wenzao wasiokunywa mvinyo walikuwa wazima. Akafuatilia, akapata mvinyo umetiwa unga wa risasi ili uwe mtamu. Mwaka wa 1696 mtawala wa Württemberg akapiga marufuku, na adhabu ilikuwa kifo. Lakini angalia kipimo kilikuwa nini: tumbo la mtu.

Na usiniambie ati wewe unakunywa tu ya bei ghali. Châteauneuf-du-Pape ni kati ya mvinyo wenye jina kubwa Ufaransa, na mwaka wa 1994 wanasayansi walichapisha walichokuta kwenye chupa zake za miaka tofauti: mabaki ya risasi ya petroli. Magari yalipita barabarani, moshi ukaruka, zabibu zikapokea.

Sasa, unapimaje kitu kidogo hivyo? Kuna mashine kubwa za maabara, lakini njia ninayoipenda ni ya umeme. Unatumbukiza elektrodi kwenye sampuli na kuipa volteji hasi kwa dakika chache. Chembe za metali zinavutwa na kuganda juu yake. Hapo unakusanya tu, na ndiyo maana hata kiasi kidogo sana kinaonekana. Kisha unapandisha volteji polepole.

Fikiria matatu ya Thika Road ikitoka tao. Zinki anashuka Roysambu, kadimiamu Githurai, risasi Ruiru, shaba Juja. Kila metali ina stegi yake, yaani volteji ambayo inaachia elektrodi na kurudi kwenye maji. Ikishuka inaacha elektroni, mkondo wa umeme unaruka, na kwenye grafu unaona kilima. Mahali kilima kilipo panakuambia ni nani ameshuka. Ukubwa wake unakuambia wameshuka wangapi. Maze, hiyo ni akili.

Mvinyo lakini ni msumbufu. Vile vitu vinavyoupa mvinyo mwekundu rangi na ukakasi hushikilia metali, kwa hivyo kuna abiria waliolala ambao makanga hatawahesabu. Lazima kwanza uvunjevunje hivyo vitu kwa asidi au kwa mwanga wa urujuanimno, la sivyo utasoma namba ndogo na kufurahi bure. Na namba zenyewe ni kali: shirika la kimataifa la mvinyo, OIV, linataka risasi isizidi miligramu 0.1 kwa lita, kuanzia mavuno ya 2019.

Kitu kingine. Mwanzilishi wa familia hii ya vipimo, Jaroslav Heyrovský wa Prague, alianza mwaka wa 1922 akitumia matone ya zebaki, na 1959 akapewa Nobel. Kutumia sumu kutafuta sumu! Mwaka wa 2000 timu ya Joseph Wang ikaonyesha kwamba utando mwembamba wa bismathi, ambayo sumu yake ni ndogo sana, unaweza kuchukua nafasi hiyo. Elektrodi zenyewe siku hizi zinachapishwa kwenye kijikaratasi cha plastiki, kama kile cha kupimia sukari.

Ndiyo maana hii si stori ya wazungu na zabibu zao. Njia hiyohiyo inasoma risasi kwenye tone la damu ya kidole. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Soma tena hadithi ya Ulm halafu uniambie tofauti iko wapi. Kule pia miili ya watu ndiyo ilianza kupiga kelele.

Mtu wa kemia ataniambia kifaa kidogo hakiwezi kushindana na mashine ya mamilioni. Sawa, hakuna mtu anataka kishindane. Wape wanafunzi wa kemia na maafisa wa afya wa kaunti vifaa hivyo, wapime maji ya bomba, udongo wa uwanja wa shule, pombe ya mtaani, hata hiyo chupa yako ya Ijumaa. Sampuli yenye kilima cha kutisha pale Ruiru ndiyo iende kwa mashine kubwa.