Nani Alale Ndani Usiku Huu

Wateja wangu wengi wa kesi za ndoa huingia ofisini na bahasha ya makaratasi, wakitaka niisome kisha nitamke nyumba ni ya nani. Bahasha huiweka kando nikauliza mengine: ufunguo unao nani, watoto wanasoma wapi, na jana ulilala wapi? Uwakili hapa Mombasa umenizoesha kutenganisha kumiliki nyumba na kukaa ndani yake. Umiliki husubiri talaka, na kesi yake huchukua miaka. Isitoshe, tangu Januari 2023 Mahakama ya Juu imeshasema kwamba mgawo wa nusu kwa nusu hauji wenyewe. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Makazi hayawezi kungoja yote hayo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mume au mke kumtoa mwenzake katika nyumba ya ndoa, maadamu ndoa ipo, ila kwa amri ya mahakama. Nyumba ya kupanga nayo imo. Kwa hiyo bwana anayesema "mkataba una jina langu, toka" hana haki hiyo, wala hana mke anayebadilisha kufuli mumewe akiwa safarini. Hili la pili wateja wangu wa kike hawapendi kulisikia.

Anayetaka kubaki peke yake anahitaji sababu nzito kuliko kuchokana. Njia ya haraka ni Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015. Chini yake hakimu anaweza kumpa mlalamikaji haki ya kukaa peke yake katika nyumba yote au sehemu yake, hata kama mwenye nyumba ni yule anayelalamikiwa. Sheria hiyo haihesabu ngumi tu. Inataja pia unyanyasaji wa kiuchumi, kuharibu mali, hata wakwe na mawifi kuingilia ndoa. Wala cheti cha ndoa si sharti. Lakini hati kiapo inayosema "hunitesa kila siku" haimpi hakimu kitu cha kushika. Nataka tarehe, nambari ya OB ya polisi, karatasi za hospitali, jumbe za simu na jirani aliyesikia na yuko tayari kusimama kusema.

Kinachonitoa jasho zaidi ni nyumba zetu zisizo na ardhi, zile za Majengo na baadhi ya sehemu za Kisauni. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Hati miliki ya kuwekea zuio huna. Ushahidi wote ni karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mzee wa mtaa pamoja na kitita cha risiti. Bwana mwenye hasira aweza kumuuzia binamu yake nyumba hiyo Jumamosi, na mke akajua Jumatatu. Ndiyo maana barua yangu ya kwanza, kabla hata ya ombi kufika mahakamani, humwendea mwenye kiwanja, kwa kuwa kwa kawaida mnunuzi hupelekwa kwake atambuliwe. Barua hiyo si amri, lakini mwenye kiwanja akishajua kesi inakuja, huwa hana haraka ya kuandika jina jipya kwenye kitabu chake.

Kwa Waislamu, sheria hiyo ya 2013 inaruhusu mambo ya mali ya ndoa yafuate Uislamu, na huko kwa Kadhi nina hoja ambayo waume wengi huisahau. Sura ya At-Talaq inakataza kuwatoa wake majumbani mwao wakiwa katika eda. Hata kwa talaka isiyo na rejea, madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani, humpa mwanamke makazi mpaka eda iishe. Kumtolea mtu masanduku barazani usiku uleule wa talaka si dini. Ni hasira tu.

Tuseme amri ya makazi imetoka. Bado nguo za bwana zimo kabatini, na akija kuzichukua bila mpango, ugomvi huanza upya mlangoni. Mimi huomba amri itaje siku ya kuchukua vitu, na askari wa kituo gani aandamane naye. Halafu kuna kodi. Nimeona mwanamke akishinda mlango kisha akaupoteza kwa malimbikizo, kwa sababu aliyekuwa akilipa ndiye aliyetolewa, na mwenye nyumba hakuwa sehemu ya kesi. Sasa ombi la makazi huliandika pamoja na la matunzo, kodi imetajwa kwa shilingi, na risiti ya mwezi uliopita imebanwa nyuma.