Ifakara: Historia Hii ni ya Nani?

Wengi wetu tukipata likizo na wenzi wetu, akili inakimbilia Zanzibar. Mimi nakushauri Ifakara. Fikia Viwanja Sitini, kodi baiskeli uzunguke mji, kula wali na kitoga wa Mto Kilombero. Kesho yake vuka daraja, panda milima hadi Mahenge.

Huko ndiko raha inapokutana na uchungu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani hapo Mahenge, wakafyekwa kwa risasi.

Shuleni tulipewa kwa mkato: mzungu kaonea, Mwafrika kapigana. Ni kweli, lakini si yote. Wambunga wa hapa Ifakara walikwenda kulishambulia boma; ndani yake, wengi walioshika bunduki walikuwa askari weusi. Naye Kiwanga, mtemi wa Wabena wa bondeni, aliwaunga mkono Wajerumani, akauawa vitani.

Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea. Safi sana. Ila kuombwa msamaha hakutuondolei kazi ya kusimulia. Mjerumani anayekuja kutembea naye asimuliwe, maana babu zake wamo. Na sisi tusijifanye wote tulikuwa upande mmoja.

Kwa hiyo mkifika, wewe na mwenzi wako, msiishie kupiga picha. Mwamkieni mzee, muulizeni: babu zako walikuwa upande gani? Halafu nyamazeni, msikilize.