Juala Lilipofika Daraja Mbili

Miaka ya 1980, aliyekwenda sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, alikwenda na kikapu. Mama yangu aliuza managu na chinsaga pale. Alfajiri alikata majani ya mgomba, akayapitisha juu ya moto yalegee yasipasuke, akafunga mafungu yake kwa kamba za mgomba huohuo. Nyama na omena zilifungwa kwa gazeti kuukuu. Taka za jioni zililiwa na ng'ombe au zikawa mbolea.

Majuala yalienea miaka ya 1990. Mteja alipewa bure, basi akaanza kumpita mchuuzi asiye nayo. "Mura, watu hawataki majani tena," mama aliniambia, naye akanunua pakiti yake. Simlaumu. Mchuuzi humfuata mteja.

Mvua ya Kisii haina mzaha, na mji wenyewe ni miteremko mitupu. Majuala yalisombwa mitaroni hadi Nyakomisaro, mto unaopita mjini, yakanasa kwenye matete na mizizi ya mikaratusi. Maji hayo huingia Riana, kisha Gucha, ambayo jirani zetu huiita Kuja, na mwisho wake ni Ziwa Victoria, huko Nyatike. Taka za soko letu zilikuwa na njia ya kumfikia mvuvi ambaye hakuwahi kukanyaga Kisii.

Siku moja kichinjioni niliona tumbo la ng'ombe likipasuliwa. Lilitoka donge la majuala yaliyosokotana na nyasi, zito, linanuka uchachu. Mbavu za ng'ombe yule zilihesabika. Alikuwa amekonda huku tumbo limejaa.

Serikali ilijaribu kuzuia majuala mepesi mwaka 2007, ikajaribu tena 2011, haikufua dafu. Kisha ikafika tarehe 28 Agosti 2017: marufuku, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Vikapu vilirudi sokoni, na watu wakala na kuuza kama kawaida. Miaka yote tuliyoambiwa kwamba biashara haiwezi kwenda bila juala, tulikuwa tukidanganywa.

Tarehe 5 Juni 2020 ikaja marufuku nyingine, ya chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya plastiki katika fukwe, mbuga na misitu inayolindwa. Ni sheria njema, na fukwe za Diani na Watamu zinaistahili. Lakini Nyakomisaro haina mtalii wa kuilalamikia, na leo zile chupa ndizo zinazoelea mahali pa majuala.

Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ikashuka hadi kwetu Kisii. Kaunti hizi mbili zina mabunge yao. Naziomba zitunge sheria moja: chupa iliyopigwa marufuku kwenye mchanga wa Diani isiruhusiwe kwenye kingo za Gucha.