Mgeni asiyeona anakuja Mtoni na mbwa wake

Tuseme shangazi asiyeona anakuja likizo Mtoni, Temeke, kutoka Ujerumani, na huko hutembea na mbwa aliyefunzwa kumwongoza. Familia itawaza nauli na mapokezi. Mbwa naye ana safari yake.

Kuingia nchini kunataka kibali cha kuingiza mnyama kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kiombwe mapema, pamoja na cheti cha afya na chanjo hai ya kichaa cha mbwa.

Shughuli iko kwenye kurudi. Umoja wa Ulaya unataka mbwa anayetoka Tanzania awe amepimwa damu kuthibitisha kwamba chanjo imeshika, na damu hiyo huchukuliwa angalau siku 30 baada ya kuchanjwa. Akipimwa kwao kabla ya safari na majibu mazuri yakaandikwa kwenye pasipoti yake (ndiyo, mbwa ana pasipoti), anarudi na mwenyewe. Damu ikichukuliwa huku, anasubiri miezi mitatu. Shangazi likizo imekwisha, anayemwongoza amebaki Temeke! Mpigieni simu leo, msingoje akate tiketi.

Kutoka uwanja wa ndege mtapita TAZARA, mshike Mandela hadi Uhasibu, kisha Barabara ya Kilwa. Kodini gari, na dereva aambiwe mapema kuna mbwa. Daladala ya jioni mnaijua wenyewe.

Ukishuka Mtoni kwa Azizi Ali na kuingia mitaani, njia ya miguu ni ya kila mtu: bodaboda, meza ya chipsi, mtaro usio na mfuniko. Mbwa hawa hufunzwa kukwepa vizuizi, ila lami ya saa saba mchana huunguza nyayo. Watoke kabla ya saa tatu asubuhi.

Kuna pia suala la udenda wa mbwa kuwa najisi, na nyumba nyingi za Mtoni ni za Waislamu. Zungumzeni na wazee kabla ya mgeni kufika: mbwa atalala wapi, bakuli lake litakaa wapi. Linazungumzika. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimtengea mbwa wa kijana asiyeona sehemu ya kusubiri karibu na mlango.

Ninaowahofia zaidi ni watoto wetu, waliozoea kumwona mbwa wakaokota jiwe. Wafundisheni: akiwa amevaa mkanda wenye mshikio yuko kazini, haguswi, haitwi, halishwi. Somo hilo lisiwafanye wazoee mbwa wanaozurura, ambao hatujui kama wamechanjwa. Akimng'ata mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama ni mkwaruzo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.