Kliki na Chupa

Mzee wetu wa gitaa tulimzika Butere mwaka jana. Matangani nikamsikia kijana mmoja kutoka mjini akiwaambia wenzake kwamba marehemu alikuwa fundi wa nyuzi, ila biti ilikuwa inamshinda. Najua maneno hayo yalianzia wapi. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa. Leo sioni cha kuninyamazisha.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Majengo, Pumwani, nikalelewa Gikomba kwenye kibanda cha mama, katikati ya makoti ya Ulaya ambayo Nairobi huyakumbuka Julai tu. Shule niliishia kidato cha nne. Gitaa la besi nilijifunzia ukumbini Kaloleni, nikiwabebea spika wanabendi waliofanyia mazoezi pale, mpaka mmoja wao akachoka kunifukuza.

Bendi tuliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo kila kijana wa Eastlands alikuwa anarap. Kundi la Kalamashaka lilishaonyesha kwamba Dandora inaweza kusikika nchi nzima, maprodyuza wa Ogopa walikuwa wameteka redio, na wale wa Calif wakaja na mtindo wao wa genge. Sisi tulitaka gitaa. Studio za mjini zilitoza kwa saa, na saa ilihesabiwa hata ukiwa ungali unakaza nyuzi. Basi mwenzetu mmoja, nitamwita tu mwenye kompyuta, akaleta Pentium ya mtumba na sidii zilizoandikwa majina kwa kalamu: FruityLoops ya Wabelgiji, ya kupangia ngoma, na Cool Edit Pro ya kurekodia sauti. Leseni hakuna aliyeiuliza.

Mchana Gikomba hairekodiki. Kuna misumeno ya maseremala, nyundo za jua kali kutoka Kamukunji, mikokoteni, na wachuuzi wanaoimba bei kuliko hata sisi tulivyoimba. Tukawa tunaingia usiku, stima ikiwepo. Kuta tulizipanga marobota ya mama. Nguo humeza sauti za juu vizuri sana, ukipiga kofi halirudi. Lakini besi haizuiliwi na koti, hujikusanya konani ikanguruma. Ndiyo maana besi yangu niliichomeka moja kwa moja kwenye mashine, bila maikrofoni. Wanaonicheka kwa hilo waje warekodi kwenye stoo ya mitumba kwanza.

Mzee alikuwa akitengeneza vitanda mtaa wa pili. Usiku alikuja na gitaa kavu, akalipiga kwa vidole viwili, kidole gumba kikitembeza besi na cha shahada kikiimba juu yake. Hiyo ndiyo omutibo, mtindo wa Waluhya ambao kizazi cha George Mukabi kiliutia kwenye santuri kabla ya uhuru. Mwendo wake hushikwa na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mifereji ubavuni, inayogongwa na kuparuzwa. Wanamuziki wa Abana ba Nasery kutoka Bunyore walifika nayo mpaka London, wakarekodi albamu iliyotoka 1992. Kwa hiyo mtu asiniambie wazee hawa walicheza bila kipimo.

Ugomvi ulianza na kliki, ule mlio wa tik-tik unaopewa kwenye hedifoni ili kila mmoja arekodi peke yake kisha vipande vipangwe juu kwa juu. Mzee alirekodi. Mwenye kompyuta akakuza picha ya mawimbi kwenye skrini, akatuonyesha: kila noti ya Mzee imekuja nyuma ya mstari. Akarudia. Nyuma tena. Mzee akavua hedifoni, akasema, "Mimi namsikiliza huyu wa ndani ya waya. Yeye ananisikiliza?" Wenzangu wakacheka. Tangu usiku ule ikawa inajulikana kwamba Mzee hana taimu.

Mimi niliitazama ile picha nikaona jambo jingine. Mtu asiyejua mapigo hukosea huku na huku. Mara atangulie, mara achelewe. Huyu alichelewa karibu kiasi kilekile kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kuchelewa kwa usawa namna hiyo hakuna mkono wa binadamu unaoweza, hata ukilipwa.

Nikachukua waya, nikaunganisha tundu la kutolea sauti na lile la kuingizia, nikairekodi kliki yenyewe. Kliki ikaja imechelewa dhidi ya kliki. Kadi ya sauti ya kompyuta za ofisini haikutengenezwa kwa bendi. Sauti hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde, navyo hupita kwa mafungu. Mashine yetu ilikuwa dhaifu, ukipunguza fungu inakwaruza, kwa hiyo tuliliacha kwenye vipande 2,048. Hizo ni milisekunde 46 kutoka na 46 nyingine kuingia. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125, na kuchelewa kwetu kulizidi nusu yake. Mzee alikuwa juu ya kliki; mashine ndiyo iliyomweka nyuma yake.

Dawa ilikuwa kuusogeza mkanda mzima mbele, basi. Nilipomwambia, mwenye kompyuta alijibu kwamba ameshamaliza. Alichokuwa amemaliza ni kukatakata gitaa noti kwa noti, kila moja akiibandika kwenye mstari wake. Mzee alikuwa akikitanguliza kidole gumba kidogo pale waimbaji waliponyamaza, wimbo ukachemka. Yote hayo yalinyooshwa kama shati la shule. Wimbo ukapigwa redioni, ukapendwa pia, sikatai. Kwenye karatasi ya sidii jina la Mzee halikuwemo. Leo mwenzangu ana studio nzuri upande wa mji wenye miti mingi, na akihojiwa huniacha hoi anavyoeleza jinsi alivyolibuni lile gitaa.

Baadaye mimi na Mzee tulirekodi kwa njia yake. Chupa kwanza, yeye akaigonga kutoka mwanzo hadi mwisho huku akiimba moyoni. Kisha gitaa lake juu ya chupa, kisha besi yangu. Ngoma za FruityLoops nikazikata vipande vifupi nikazifuatisha chupa, badala ya chupa kufuata ngoma. Kazi ya kuchosha macho. Lakini ukisikiliza pale katikati, wimbo unapanda wenyewe kama watu watatu waliomo chumba kimoja.

Ninyi mnaorekodi kwa simu mna bahati. Programu nyingi siku hizi hujipimia ucheleweshaji na kuurekebisha bila kuambiwa, ndiyo maana hamjui kama upo. Lakini vaeni hedifoni za bluetooth mrekodi, mtaukuta umekaa palepale. Kabla hujamwambia mpiga gitaa mwenye miaka arobaini kwenye nyuzi kwamba hana taimu, pima mashine yako. Ni waya mmoja tu. Na majina ya waliocheza andikeni usiku uleule wa kurekodi, kabla wimbo haujapendwa, maana ukishapendwa kumbukumbu za watu hubadilika.

Mitambo nimeiuza mwaka huu, masikio yangu hayabebi tena. Mafaili sijauza. Ninayo ya kliki kabla hayajakatwa, ninayo ya chupa, na ninayo lile jaribio la waya. Kijana yule wa matangani, na aliyemfundisha maneno yale, waje na hedifoni zao, za waya.