Mashuka ya Dublin

Kutoka barabara kuu ya O'Connell, katikati ya Dublin, hadi mtaa wa Sean McDermott ni mwendo mfupi wa miguu. Nyumba ya watawa, matofali yake mekundu, imekaa ukingoni mwa barabara, wapita njia wakiipitia karibu kabisa. Masista waliendesha udobi hapa hadi Oktoba 1996. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufungwa kati ya nyumba za kufulia za Magdalena nchini Ireland.

Ripoti ya serikali ya mwaka 2013 ilihesabu wanawake na wasichana wasiopungua 10,000 waliopitia nyumba hizo tangu 1922, mdogo wao akiwa na miaka 9. Wengine waliletwa na wazazi au mapadri, wengine na mahakama; wapo waliohamishwa moja kwa moja kutoka shule za malezi. Wengi walipewa jina jipya. Kisha kazi: kufua, kukamua, kupiga pasi, bila mshahara. Aliyetoroka aliweza kurudishwa na polisi.

Nikiwa kwenye kona ile nilifikiria mashuka. Yalitoka hotelini, hospitalini, hata jeshini. Yaliingia machafu yakatoka yamekunjwa. Mji uliolala juu yake hauwezi kusema haukujua kulikuwa na watu ndani.

Nikapanda basi kuelekea kaskazini, hadi makaburi ya Glasnevin. Mwaka 1993 masista wa High Park, nyumba nyingine ya kufulia huko Drumcondra, waliuza kiwanja penye makaburi ya wafuaji wao. Kibali cha kufukua kilitaja miili 133. Wachimbaji wakakuta mingine 22. Karibu yote ilichomwa, majivu yakaletwa hapa. Baadhi ya marehemu hawakuwa na cheti cha kifo, na wengine walijulikana kwa lile jina la kupewa tu. Nilisoma majina jiweni nikijiuliza ni mangapi mama mzazi angeyatambua.

Jengo la Sean McDermott nalo lilikaribia kuuzwa ligeuzwe hoteli: mashuka meupe mengine, mahali palepale. Mwaka 2018 madiwani walikataa, na mwaka 2022 serikali ikaidhinisha kituo cha kumbukumbu na utafiti. Ukumbi na picha havitatosha. Ndugu wanahitaji daftari za masista, walinganishe jina la udobini na la kuzaliwa, wajue wanamlilia nani.